Mashine Moja, Vijito Viwili

Jumatatu, 13 Aprili 1953
Habari njema! Bwana Shamba amepita hapa kijijini kwetu Ruanda. Chama chetu cha wakulima wa kahawa kitapewa mashine ya kumenyea, inayohitaji maji karibu. Moja tu. Itawekwa wapi, chama kiamue chenyewe.

Nimemtangazia mke wangu Nesta kwamba itawekwa kwenye kijito chetu, hapo chini ya migomba. Miaka yote anabeba kahawa mbichi kichwani, anazunguka kilima kizima kwenda kuazima mashine misheni. Namwonea huruma kweli. Akanijibu kwamba shingo yake itaamini ikiona.

Nina hila. Mwenyekiti wetu, Mzee Yonathani, nimemchunguza sana: anaamua kwa kufuata neno la aliyesema mwisho. Basi nitasema wa mwisho. Enoka wa ng'ambo ya mto, anayeitaka mashine kwenye kijito chake, apige domo mapema hadi akauke koo.

Alhamisi, 16 Aprili
Kikao. Sala. Salamu.

Mzee Yonathani akauliza nani aanze. Nikampisha Enoka kwa heshima zote, maana ni mkubwa kwangu. Enoka akanipisha mimi, maana nimefika darasa la nne. Nikasema mgeni aanze. Akasema yeye si mgeni, babu yake alilima hapo tulipokaa. Mjanja mkubwa! Kumbe naye amemchunguza mzee!

Tukapishana hivyo mpaka wajumbe wakasinzia. Mama mkwe wangu, Mama Ferista, akatoa ukili wake akaanza kusuka. Mwishowe Mzee Yonathani akaahirisha kikao. Akasema Jumamosi atakuja na utaratibu wake mwenyewe.

Jumamosi, 18 Aprili
Utaratibu gani huu? Mzee amesema kila mmoja atetee kijito cha mwenzake. Eti amechoka kusikia kila mtu akisifia ugali wa kwao, na kiongozi akisikiliza sifa tupu ataamua kama kipofu.

Nilicheka kimoyomoyo. Kazi nyepesi! Nitaitetea ng'ambo kwa ulegevu mpaka watu waione haifai.

Enoka akaanza. Akasema kijito cha Anania, yaani mimi, kina maji. Akafikiri. Akaongeza kwamba maji hayo yanalowesha. Akakaa. Watu wakacheka, na damu ikanichemka.

Nikasimama, nimejiandaa kuwa mlegevu kuliko yeye. Nikanong'ona kwamba ng'ambo pia kuna maji. Mama Ferista akapaza sauti kutoka nyuma, akasema mkwe wake sivyo anavyozungumza, labda anaumwa. Mimi? Kuumwa? Mbele ya Enoka? Nikakohoa. Nikapandisha sauti. Nikasema maji ya ng'ambo hayakauki hata Oktoba, wakati kijito chetu hakitoshi kunawia uso. Nikasema lori linafika ng'ambo hata masika. Yote kweli tupu. Nimeyajua miaka mingi, ila hakuna aliyewahi kuniuliza. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikanyoosha mikono. Nikasahau kabisa kijito ni cha nani.

Mzee akaamuru tupange mistari, kila mtu asimame upande anaoutaka. Nikatembea kwa madaha, watu nyuma yangu. Nilipogeuka, nilikuwa mbele kabisa ya mstari wa kijito cha Enoka! Enoka mwenyewe alikuwa nyuma yangu, akinipigapiga bega.

Jumapili, 19 Aprili
Sikuimba kanisani. Aibu imenishika. Nilimwahidi mke wangu, kisha nikamnyang'anya kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikamuuliza Nesta kwa nini naye alisimama mstari ule. Akasema alimfuata mumewe, na isitoshe mumewe alisema kweli kwa mara ya kwanza tangu chama kianze. Akaniambia pia nilichokosa kusikia baada ya kukimbia kikao: Mzee Yonathani ameamua kwamba ng'ambo wamepata mashine, basi ng'ambo watakata magogo na kutujengea daraja. Enoka amekubali mbele ya wote.

Jumanne, 28 Aprili
Daraja limesimama! Enoka amebeba magogo mpaka mgongo umemkatika, na mimi nimemsimamia vizuri sana. Nesta amevuka na tenga tupu kulijaribu. Akarudi akicheka, hakukizunguka kilima. Amesema hata mashine ingekuwa chini ya migomba, asingefurahi hivi, maana daraja linamfikisha sokoni pia. Moyo wangu umejaa. Watu njiani wananishukuru kwa busara yangu.

Na kwa kweli, nikifikiri vizuri, yote haya niliyapanga.

Sasa inasemekana tutajengewa zahanati. Naitaka nyuma ya nyumba yangu. Siri ya uongozi nimeshaishika: ukikitaka kitu, mpigie debe mwenzako kwa nguvu zote. Kesho natangulia kwa Mzee Yonathani kusifia uwanja wa Enoka.

Nimemwambia Nesta. Akauliza kama aanze kumtengenezea mama yake machela ya kumvushia daraja kwenda zahanati ng'ambo.