Mahindi ya Mjane Stroobants

Ludo Vermassen aliiona riziki yake akinywa kahawa na Hanne, mpimaji wa sumu za ukungu katika maabara moja mjini Gent. Hanne alikuwa akilalamika. Mashine yake ya kupima uzito wa molekuli haiioni sumu mpaka sumu yenyewe itiwe chaji ya umeme, na kila njia ya kuitia ina vituko vyake. Ukiinyunyiza sampuli kama manukato, uchafu wa mahindi huifunika sumu na kipimo kikashuka. Ukiifukiza kwa joto kali, uchafu uleule huweza kukipandisha. Ndiyo maana yeye hulinganisha njia zote, na ile ya tatu ya kuimulika kwa taa pia, kisha akasahihisha.

Habari ya kusahihisha Ludo hakuisikia. Alichosikia ni kwamba mahindi yaleyale yangeweza kupata vyeti viwili: cha joto wakati wa kununua, cha mnyunyizo wakati wa kuuza.

Akatafuta maabara ya bei poa isiyouliza maswali, akavaa koti jeupe, maana sayansi bila koti hudhaniwa umbea, akaenda kwa Godelieve Stroobants, mjane mwenye ghala kando ya mfereji. Akachota sampuli palepale mlangoni. Wiki iliyofuata alirudi na cheti cha joto na uso wa msibani. Alimweleza kwamba nguruwe wakila mahindi yale mimba zitaharibika, ila yeye, kwa huruma tu, angeyachukua yote kwa bei ya takataka.

Mjane alijifuta macho kwa aproni. "Sitaki kumdhulumu mtu, bwana. Niandikie kwamba unajua yana sumu."

"Una roho safi, mama," alisema Ludo, akatia saini kwa madaha. Malori yakazoa ghala zima, hata rundo la nyuma lililofunikwa turubai.

Mwenye kiwanda cha chakula cha nguruwe alikuwa bahili, lakini hakuwa mjinga: alitaka kipimo cha Hanne. Ludo alimsihi Hanne atumie mnyunyizo tu. Hanne akatumia njia zote tatu.

"Zimekubaliana," alisema, akiwa bado haamini. "Haya hata panya usimpe. Umeyatoa wapi?"

Ludo alirudi mbio kwa mjane, akamkuta barazani anakula keki. Mjane hakuficha kitu. Paa lilivuja tangu masika, rundo la nyuma likaota ukungu, na yeye alikuwa akitafuta watu wa kuwalipa walichome.

Ludo alifungua mdomo ashitaki, akaikumbuka saini yake, akaufunga.

"Na majani makavu ya chini ya paa hilohilo, bwana," aliuliza mjane kwa upole, "huwa unanunua?"