Mshenga na Kipa Namba Thelathini na Moja

Jamani, leo sina uso. Nimeuacha Stanmore, kwenye sebule ya watu, karibu na sahani ya halwa.

Naandika hapa kwenye kundi letu la madereva wa basi huku ughaibuni kwa sababu Athumani alikuwepo, na akiwahi yeye kusimulia ataongeza chumvi. Bora msikie kwangu. Nitasema haki, hata pale inaponiumiza. (Inaniumiza karibu kila mahali.)

Kwanza mjue nilikwenda kufanya nini. Hamadi, mtoto wa marehemu dada yangu, yule nesi, amempenda binti anaitwa Salha. Wanafanya kazi wodi moja. Baba yake Hamadi yuko Tanga, miguu haimruhusu safari. Wakanichagua mimi niwe mshenga, nipeleke barua ya posa kwa wazee wa Salha. Nikawaambia, jamani, mimi darasa la saba, maneno ya kuungaunga siyawezi. Hamadi akasema, "Mjomba, wewe mtu wa haki. Watakupenda tu."

Maskini mtoto wa watu.

Pili, mjue ugonjwa wangu. Wengine mnaujua. Zamani pale depo tulikuwa na dereva mwenzetu, mzungu wa Kanada. Aliniona mpweke, akanionyesha timu mbili za mji wao: moja ya hoki ya barafuni, moja ya ule mpira wao wa kubeba mkononi. Yeye akarudi kwao. Mimi nikabaki na timu.

Mnanicheka, najua. Lakini mpira ule una mambo. Wanakupa majaribio matatu tu ya kusogea mbele, siyo manne kama kwa jirani zao Wamarekani, kwa hiyo hakuna kulala. Halafu ukipiga shuti la goli ukakosa, mpira ukaangukia nyuma kule kwa wapinzani wakashindwa kuutoa, unapewa pointi moja. Umekosa, na umepewa! Pointi ya pole! Nchi ya watu wenye huruma ile. (Timu yetu inaishi kwa pointi hizo, kwa haki niseme.) Na kwenye hoki, anayemfanyia mwenzake ubaya anafungiwa kwenye kibanda dakika mbili, amekaa na jasho lake, anawatazama wenzake wanavyoteseka kwa kosa lake. Leo ningefungiwa mimi. Tena siyo dakika mbili.

Basi miaka miwili hii naandika maoni yangu kwenye ukurasa wangu, Jicho la Haki (chini yake nimejitambulisha: dereva wa basi, Woolwich). Wafuasi kumi na tisa. Kumi na wanane ni nyinyi, na hamsomi. Wa kumi na tisa ni mtu mwenye picha ya ua la waridi. Huyo laiki hatoi, lakini kila nikiandika anakuja na maneno yaleyale: "Mungu anakuona." Nami namjibu, "Amin, dada yangu." Nilidhani ananiombea dua.

Na wa kuandikwa zaidi ni kipa wetu wa hoki, namba thelathini na moja. Mimi simchukii. Jina lake la kizungu silitaji, namtaja kwa namba tu, kwa heshima. Lakini niliwahi kuandika hivi: "Kipa wetu ni mtu mkarimu mno. Anawafungulia wageni mlango kabla hawajabisha hodi." Siku nyingine: "Leo amefungwa matano. La kwanza nimemsamehe. La pili nimesema labda taa zilimpiga machoni. La tatu nikaomba maji ya kunywa. Kwa haki, dakika ya kumi na mbili aliokoa moja safi kabisa. Nimeirudia mara nne kuhakikisha kama ni yeye."

Sasa twende Stanmore.

Mimi na Athumani tulipanda treni mpaka mwisho wa reli. Athumani ndiye msindikizaji, kazi yake kuitikia tu. Kanzu nimepiga pasi mwenyewe. Barua nimeikunja kwenye leso nyeupe. Hamadi haruhusiwi kuonekana, kwa hiyo tulimwacha mgahawani karibu na kituo. Aliagiza chai, akaikoroga, hakunywa. "Mjomba," akaniambia, "nimemwambia Salha leo ndiyo leo. Akikosekana huyu mimi sitafuti mwingine." Nikampiga begani. "Wewe kunywa chai."

Tukapokelewa na baba yake Salha, Mzee Nassor. Mtu mstaarabu, mzaliwa wa Unguja. Wazazi wake waliondoka naye mdogo baada ya Mapinduzi, lakini Kiswahili chake ukikisikia utadhani kashuka meli asubuhi. Tukaketi. Kahawa, halwa, visheti. Mlango wa jikoni umerudishwa nusu, nasikia minong'ono ya wanawake. Nikajua Salha yuko humo na sikio lake lote.

Nikaanza vizuri, nakuapieni. Nikaiweka barua mezani, nikasema tumekuja na ombi, kijana wetu ana adabu, anaswali, ana kazi. Athumani akaitikia, "Naam, naam." Mzee Nassor akatabasamu. Ningekufa pale pale ningekufa mshenga bora.

Mzee Nassor akasema, "Maneno yenu mazuri. Lakini sisi bila ya shangazi hapana harusi. Dada yangu mkubwa ameteremka ndege asubuhi hii kwa ajili yenu. Yeye akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, hata mimi nitanyamaza."

Akaingia Bi Zuhura. Mama mfupi, miwani ya duara, buibui, macho makavu kama mkaguzi wa tiketi. Akatusalimu, akaketi.

"Ametoka Kanada," akasema Mzee Nassor.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mshenga mwenye akili angesema, "Poleni na safari." Mimi moyo uliruka. Nikauliza, "Kanada sehemu gani, mama?"

Akautaja mji.

MJI WANGU! Mji wa timu zangu zote mbili! Nikasahau barua. Nikasema, "Mimi timu za kule nazijua zote, ya hoki na ya mpira! Nawafuatilia kama ndugu zangu!"

Bi Zuhura akaweka kikombe chini polepole. Akanitazama.

"Wewe dereva wa basi?"

"Naam."

"Wa Woolwich?"

"Naam!"

"Ndiwe unaandika Jicho la Haki?"

Jamani. Miaka miwili sijakutana na msomaji wangu hata mmoja. Nilimgeukia Athumani kuhakikisha amesikia. Nikajiweka sawa kwenye kochi. (Nilijifuta na midomo. Kwa nini nilijifuta midomo?)

"Ndiye mimi, mama. Kumbe unasoma?"

"Nasoma," akasema. "Kila siku. Hebu tusomee, na kaka yangu asikie. Ya jana sikuiona, nilikuwa angani."

Athumani aliniminya paja. Yeye anasema alikwisha kuona kitu kwenye uso wa yule mama. Mimi nilidhani anataka nipunguze sauti. Basi nikaipandisha. Nikatoa simu, nikavaa miwani, nikasimama. Ndiyo, NILISIMAMA.

"Habari njema kwa wapenzi wa timu yetu ya hoki," nikasoma. "Kipa wetu namba thelathini na moja ameteremshwa kwenye timu ya akiba, mji mwingine kabisa, saa sita kwa basi. Amekwisha kufunga begi lake. Mimi ni mtu wa haki, kwa hiyo sitasema wamekosea kumwondoa. Nitasema wamechelewa. Tunamtakia heri huko aendako, na wenyeji wa huko tunawatakia subira."

Nikanyanyua macho nisubiri kicheko.

Jikoni mlango ukasogea kidogo.

Bi Zuhura alikuwa amevua miwani. "Wamemteremsha nani?"

"Namba thelathini na moja."

"Lini?"

"Jana mchana, saa za kule."

Mzee Nassor akaegemea mbele, akauliza taratibu, "Zuhura, si ndiye Yusufu huyo?"

Nikasema, haraka, maana mdomo wangu hauna breki, "Hapana mzee, huyu ana jina la kizungu."

"La baba yake," akasema Bi Zuhura. "Mume wangu mtu wa kulekule. Huyo namba thelathini na moja nimemzaa mimi."

Niliketi. Sikumbuki kuketi, lakini nilijikuta nimeketi. Athumani alianza kuitikia "naam" kwa mazoea, akaikatia katikati.

Kumbe mama alitaka nisome mbele ya watu moja ya yale matusi yangu ya kila siku, kisha anitie adabu. Ua la waridi ni yeye! Lakini habari ya jana hakuwa nayo. Mtoto hakumwambia. Mama kalala angani usiku kucha, kateremka kuja kumwoza binti wa kaka yake, na habari ya mwanawe kaipata kwa mshenga. Tena mshenga amesimama. Tena amevaa miwani.

Akachukua simu, akampigia mwanawe kwa video. Kule ni asubuhi. Likatokea jitu la mtu, ndevu, yuko ndani ya gari, na nyuma yake begi kubwa kama godoro.

"Yusufu, umeteremshwa?"

Kijana Kiswahili anakielewa lakini anajibu Kiingereza, kama watoto wetu. Aligeuka kulitazama begi lake kwanza. Halafu akasema alitaka mama yake afike salama, apumzike, ndipo amwambie. Akauliza, nani kamwambia?

"Mshenga," akasema mama, akanigeuzia simu usoni.

Yusufu akanitazama. Nikamtazama. Akamuuliza mama yake, huyu ndiye yule wa mlango? Mama akajibu, "Ndiye yeye."

Sasa sikilizeni. Kila mtu alikuwa ananingoja niseme pole. Neno moja. Mtoto mchanga wa Kiswahili anaanza na hilo. Hamadi wangu yuko mgahawani, maisha yake yamening'inia kwenye neno hilo. Nikafungua mdomo.

"Pole mwanangu," nikasema. (Simameni hapo. Laiti ningesimama hapo.) "Ila unawahi mno kupiga magoti. Goti la kushoto. Wameshalijua. Wanakusubiri upige goti, wanapitisha juu."

Athumani akafunga macho. Jikoni kitu cha udongo kikaanguka.

Yusufu akainama kulitazama goti lake. Halafu akasema, kocha naye kamwambia hivyohivyo. Goti la kushoto. Neno kwa neno.

Bi Zuhura akaigeuza simu. "Kwa hiyo ni kweli?"

"Ni kweli, Ma," akajibu. Ile "Ma" ilimtoka kidogo sana kwa mtu mwenye ndevu zile. Akasema anakwenda, atafanya mazoezi, atarudi. Mama akamwambia ale kabla ya safari, avae soksi nzito, akakata simu.

Akanigeukia. Nilitaka zulia lipasuke.

"Ile aliyookoa dakika ya kumi na mbili," akasema. "Wewe umeirudia mara nne?"

"Naam, mama."

"Mimi nimeirudia mara arubaini." Akainuka, akachukua barua yetu ya posa pale mezani, akaenda nayo jikoni, na mlango akaufunga wote.

Tulikaa karibu saa nzima. Kahawa imepoa. Mzee Nassor, mstaarabu, akajaribu kuzungumzia mvua. Simu yangu inalia, Hamadi anaandika: "Mjomba vipi?" Nikamjibu, "Tuko kwenye dua." Akaandika: "Wamecheka?" Akaandika: "Salha hapokei simu yangu." Nikaizima. Nilimwona dada yangu, Mungu amrehemu, alivyonikabidhi yule mtoto akiwa na miaka tisa, akasema, "Huyu usimharibie." Na mimi nimekuja kumharibia kwa habari za hoki!

Mlango ukafunguka. Bi Zuhura akasimama, barua mkononi. Macho mekundu, lakini sauti imenyooka.

"Salha amesema anamtaka. Nimeuliza kwa simu habari zake kazini, sikupata baya. Kijana hana kosa." Akamkabidhi kaka yake barua. "Kwa hivyo kijana tumemkubali. Mshenga mbadilisheni."

Athumani akasema, "Naam." Kwa mara ya kwanza leo aliitikia mahali panapostahili.

Mgahawani Hamadi alinirukia shingoni mpaka chai ikamwagika. Akanibusu mikono, akaniita baba. Sikumwambia kitu. Nimwambieje? Ametwambia tu, "Nilisema watakupenda!" Athumani akageukia dirishani, mabega yanamtetemeka.

Mimi najiuliza njia nzima. Nilichosema kilikuwa kweli. Hata kocha kasema. Hata kipa mwenyewe kakubali. Sasa kosa langu ni lipi hasa? Nimefikiri mpaka Woolwich, na kwa haki kabisa nimeona ni hili: ukweli nao una siku yake ya kutembelea watu, na siyo siku ya posa.

Jumamosi ijayo Athumani anarudi Stanmore kupanga siku ya harusi, yeye ndiye mshenga sasa. Mimi nimeruhusiwa kumsindikiza mpaka kituoni. Asicheke mtu.