Gari la Kapteni Asiyekuwepo

Jumapili, 2 Juni

Gari limewaka! Limekohoa, limetema moshi mweusi juu ya shuka za Glenys zilizoanikwa, likazima. Lakini limewaka. Mke wangu hakutoa hongera. Aliuliza tu nani atazifua upya. Jirani yetu, Rowland Tibbs, akachungulia juu ya ua. "Mgonjwa ameamka, jirani?" Akacheka peke yake.

Huyu ndiye anayebeba kikombe cha magari ya zamani kila maonyesho ya kijiji. Gari lake lilitengenezwa na mafundi wa Shrewsbury, yeye akiota jua Ureno. Mimi nimelala chali chini ya MG yangu, gari dogo la kasi, majira yote haya ya baridi, kutu ikinidondokea machoni. Haki iko wapi?

Jumanne, 4 Juni

Nimeng'amua. Waamuzi hawatazami injini, wanasoma kibao cha maelezo. Cha Rowland kinasema gari lake lilikuwa la daktari mpasuaji. Langu nililinunua kwa mkulima aliyefugia kuku ndani yake. Kabla ya hapo, hakuna ajuaye. Na kama hakuna ajuaye, nani atabisha?

Basi: mwaka 1959 lilinunuliwa jipya na Kapteni Peregrine Vaux, rubani shujaa. Glenys akauliza ni nani huyo. Nikamwambia ni mtu ambaye hakuna awezaye kuthibitisha kwamba hakuwepo. Akasema huo ni uongo, mrefu tu. Glenys hajawahi kuelewa utafiti.

Ijumaa, 7 Juni

Gazeti la wilaya yetu ya Shropshire limechapa habari yangu, na picha ya gari, namba ikisomeka vizuri. Rowland leo hakuchungulia juu ya ua. Raha iliyoje.

Kapteni alihitaji sura. Nimebandika kibaoni picha ya marehemu mjomba wa Glenys, aliyekuwa kondakta wa basi. Kwa mbali kofia ni ileile.

Jumatano, 12 Juni

Balaa. Amepiga simu bibi mmoja, Winifred Ockley, daktari wa mifugo mstaafu. Ameona namba ya gari gazetini. Kwa adabu nyingi aliuliza Kapteni Vaux ni nani, maana gari hilo alilinunua yeye, likiwa jipya. Nikamwambia huenda umri umemchanganya.

"Kijana," akasema, "nimesahau mengi. Gari langu sijalisahau."

Kijana! Nina miaka sitini na sita. Akaomba kuja kuliona Jumamosi kwenye maonyesho. Nikamwambia maonyesho yameahirishwa hadi Agosti. Nilimwonea huruma, kwa umri wake, kusafiri bure. Glenys alisikia yote kutoka jikoni. Akaniomba tu namba ya simu ya bibi. Ningepaswa kuogopa hapo.

Jumamosi, 15 Juni

Nimesalitiwa ndani ya nyumba yangu! Glenys alimpigia Bibi Ockley akamweleza ukweli. Na nani alijitolea kwenda kumchukua? Rowland. Wakaingia uwanjani kwa gari la Rowland, paa likiwa wazi, bibi kajifunga kitambaa kichwani.

Alilizunguka gari langu kwa mkongojo, watu wakakusanyika. Akapapasa chini ya mlango wa kushoto, pale palipobonyea ambapo nimepashindwa miaka yote. Akasema ni kumbo la kondoo dume.

Kisha akasimulia. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na wakulima hawakutaka daktari mwanamke. Walimfungulia lango ili walitazame gari. Wakija kushtuka, yeye yuko zizini, mkono mzima ndani ya ng'ombe. Ndama wakazaliwa hai, na wakulima wakaanza kumwita wenyewe. Aliliuza mgongo ulipomkatalia, akarudi nyumbani kwa miguu ili asionekane analia ndani ya basi.

Halafu akaiona picha. Akainama, akaitazama sana. "Huyu kapteni wenu," akasema, "mbona amevaa mashine ya tiketi?"

Kasisi alicheka hadi akaketi. Kasisi!

Bibi akaomba ufunguo. Ningefanya nini mbele ya kijiji kizima? Gari likawaka mara moja, lisivyowahi kuniwakia mimi. Akazunguka uwanja, akasimama, mikono ikiwa bado juu ya usukani. Nilitoa leso, nikajifuta macho. Moshi wa petroli, bila shaka.

Gari langu likashinda, kwa historia bora. Nikapiga hatua mbele. Mwamuzi akanipita, akampa kikombe Bibi Ockley. Gari langu, mgongo wangu, kikombe chake! Rowland alipiga makofi kuliko wote.

Jumatatu, 17 Juni

Bibi Ockley amepiga simu. Anasema kabureta nimeifunga vibaya, atakuja Jumapili tuirekebishe pamoja. Nilitaka kukataa. Glenys ameshakubali na kupanga keki.

Lakini nimekaa nikafikiri. Msichana peke yake, gari la kasi, usiku wa manane, kila lango la wilaya analijua. Miaka ileile ya vita baridi. Na sote tuamini alifuata ng'ombe?

Nimeanza kibao kipya: Jasusi wa Shropshire. Hakuna awezaye kuthibitisha vinginevyo. Yeye mwenyewe atakana, najua. Ndivyo majasusi wanavyofundishwa.