Nati Arobaini na Mbili za Mwankumbi

Wananchi wote wa Mwankumbi, kuanzia wachimbaji wa dhahabu mpaka wakulima wa pamba, walitangaziwa kwa gari la vipaza sauti lililozunguka soko mara tatu kwamba halmashauri yao sikivu, katika kipindi kifupi sana cha miezi minne, imefanikiwa kuunda Kamati ya Uhakiki wa Nati za Trekta. Watu wakapiga makofi. Hata mama muuza mihogo, ambaye hakuelewa kitu, alipiga, maana gari lilikuwa limesimama mbele ya meza yake na hakutaka ugomvi.

Trekta lenyewe lilikuwa dogo, jipya, jekundu, na mbele lina mikono miwili ya chuma inayobeba kijiko cha kuzolea mchanga na samadi. Kitabu chake kilisema bila mapambo: likishafanya kazi saa kumi za mwanzo, nati zote za mikono ya kijiko zikazwe upya. Na saa kumi zilishatimia, kwa sababu trekta ndilo lililosawazisha uwanja wa kulizindulia.

Suala hilo lilimwangukia Ndugu Deusdedit, Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Mali Zinazotembea. Ukaimu huo alikuwa nao mwaka wa saba. Kaimu! Kadi za harusi zilimwandika Kaimu, shemeji zake walimwita Kaimu, na mkewe akikasirika alimwita Kaimu Baba Violeth. Sasa Mkurugenzi Mihayo alikuwa amemwahidi: uzinduzi ukienda vizuri, barua ya kumthibitisha atakabidhiwa palepale mbele ya wananchi. Kwa hiyo usimwone mtu wa ajabu. Alikuwa anakitaka cheo chake, basi.

Asubuhi moja Bhoke, fundi wa karakana, mwanamke wa maneno machache, alimfuata ofisini.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba, Mama Enock."

"Zile nati zinacheza. Nipe nusu saa nizikaze, tumalize."

Deusdedit alivua miwani. "Mama Enock, kukaza ni suala mtambuka. Kwanza tukubaliane: nati ni mali, au ni sehemu ya mali?"

"Ni nati, mkuu."

"Unaona? Ndiyo maana kuna kamati."

Na kamati ilifanya kazi, jamani! Ilikwenda ziara ya mafunzo Chato, siku tano, kujifunza ukazaji. Trekta kama lile hawakuliona huko, ila waliona mitumbwi, wakajiridhisha kwamba nayo ina misumari, wakarudi na maazimio tisa na sato watatu kwa kila mjumbe. Kisha wajumbe saba wakachuchumaa na suti zao kuzunguka kijiko. Kila nati kati ya zile arobaini na mbili ikatazamwa, ikapigwa namba ya mali kwa rangi nyeupe kama kiti cha ofisi. Spana haikutumika. Waraka wa Mkurugenzi ulikuwa wazi: mtumishi yeyote atakayekaza nati bila kibali cha Mkurugenzi, kazi hana.

Wajumbe walipoondoka, Bhoke alimshika Deusdedit mkono, akamwekea vidole kwenye nati namba kumi na saba.

"Zungusha."

Akazungusha. Ikazunguka kwa vidole vitupu, laini, kama kifuniko cha chupa ya mafuta ya kula. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akairudisha taratibu.

"Itaua mtu hii, mkuu."

"Nakuomba, mama. Tuvuke Jumamosi tu." Aliona aibu, tena aibu ya kweli, lakini barua ilishachapwa.

Cheti cha uhakiki kikatoka. Mkurugenzi alikisaini peke yake, baada ya kuagiza majina ya wajumbe wote yaondolewe ili lake lipate nafasi.

Jumamosi ngoma zililia, mgeni rasmi kutoka mkoani akaketi, na pembeni likamwagwa lundo la samadi mbichi kwa ajili ya maonyesho. Mara Mkurugenzi akaingia kwenye kijiko, barua ya Deusdedit ikichungulia mfukoni mwake.

"Ninyanyue, niongee na wananchi nikiwa juu," alimwamuru Fredy, dereva.

"Mkurugenzi, chuma kinacheza."

"Zimehakikiwa! Nyanyua!"

Fredy akanyanyua. Deusdedit aliitazama ile barua ikipaa. Miaka saba! Kijiko kilipopita usawa wa kichwa chake, uzalendo ukamshinda.

"Mkuu, shuka! Hazijakazwa!"

Thubutu, nani asikie na ngoma zile? Nati namba kumi na saba ikadondoka, kijiko kikainamia upande mmoja, na Mkurugenzi akamwagika pamoja na barua, puu, katikati ya samadi. Mfupa haukuvunjika hata mmoja. Suti ndiyo haikupona.

"Mayuuu!" alimaka mama wa mihogo, na safari hii alipiga makofi kwa hiari yake.

Tume ikaundwa kutafuta nani aliyethibitisha zile nati. Ilikuta sahihi moja tu. Mihayo akapangiwa kazi nyingine, na Deusdedit akapata barua yake hatimaye. Akaifungua: ameteuliwa kuwa Kaimu Mkurugenzi. Aya ya pili ilimwagiza arudie uzinduzi Jumamosi inayofuata, na apande kijiko yeye mwenyewe ili kurejesha imani ya wananchi.

Siku ilipofika alimkimbilia Bhoke uwanjani. "Mama Enock, kaza! Zote!"

"Waraka haujafutwa, mkuu. Nitafukuzwa kazi. Nipe kibali cha Mkurugenzi."

"Mkurugenzi si mimi?"

"Wewe ni Kaimu. Nimewauliza masijala. Kaimu hatoi kibali."

Deusdedit alitazama kijiko, akatazama juu kitakapofika, akavua koti.

"Basi nifukuzwe mimi. Lete spana."

Akapiga magoti kwenye vumbi, mgeni rasmi akingoja juani, na uwanja mzima ukimtazama Kaimu Mkurugenzi wake akikaza nati moja baada ya nyingine, jasho likitiririka mpaka kwenye tai. Bhoke alikuwa amekalia kiti cha Mkurugenzi, anakula karanga.

"Hiyo umeionea huruma, Kaimu," alisema. "Rudia."

Akarudia.