Sugu ya Gumba

Jumatatu, 4 Machi
Makubwa! Shangazi, mwenye karakana hii ya ushonaji, katangaza kiwiko kinamuuma. Jumamosi atakabidhi mkasi mkubwa kwa "aliyebobea". Atakayeupata atakata nguo zote. Mwingine ataendelea na vifungo. Mimi nina miaka tisa ya vifungo. Vimetosha! Ila kubobea ndiyo nini hasa?

Jumanne, 5 Machi
Nimefungua kamusi. Kubobea: kuwa na ujuzi mkubwa wa jambo. Unaupataje? Kimya! Kitabu kinene hivyo, kichoyo hivyo. Nikamwuliza jirani, fundi baiskeli. Akasema yeye akibonyeza tairi tu anajua pancha iko wapi, ila hakumbuki alianza kujua lini. Nikamwuliza Bi Pole, mshonaji mwenzangu na mpinzani wangu. Akasema labda ni mazoea, akaendelea kukata kola za magazeti. Kila mchana, mwaka wa tatu huu, kola za magazeti! Nani atazivaa?

Alhamisi, 7 Machi
Nimegundua! Shangazi alipokuwa akinawa nilimchungulia mkono. Gumba lina sugu, pale pale mkasi unapokaa. Kumbe kubobea kunaonekana kwa macho! Nimeanza kusugua gumba kwa msasa. Linauma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jumamosi, 9 Machi
Sugu imetoka, nzuri ajabu. Nikampelekea Shangazi kidole kabla hajamaliza chai. Akakigeuza huku na huku, akauliza tangu lini nakatia mkono wa kushoto. Lahaula! Msasa niliushika kwa mkono wa kulia! Bi Pole, asiyecheka kamwe, alicheka mpaka akakaa chini. Mkasi kapewa yeye. Akakata koti zima huku anazungumza na mteja, wala hakuangalia mkono wake. Niliona wivu, nikaumia kweli. Shangazi akaniita mwanangu, akasema nikakate kola mia za magazeti, ndipo tuongee.

Jumapili, 10 Machi
Mia! Anadhani sina akili? Nimepanga karatasi mia, nikazibana mezani, nikaazima msumeno wa fundi baiskeli. Mkato mmoja! Kola zote zimepinda, lakini zimepinda sawasawa, upande ule ule. Mtu asiyebobea angeweza hilo? Isitoshe, gumba la kulia limeota lengelenge. La kulia! Kesho nampelekea Shangazi kidole.