Ombi la Kumvua Mdogo Wangu Winda Kabla ya Kesho

Kwa Bibi, Msimamizi Mkuu wa Beseni, Kamba na Vibanio,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu, kama ujuavyo, hufunga duka mapema. Kwanza nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu, si mama, si baba: darasani kwetu mimi ni mwindaji.

Mwalimu wa lugha ya pili alitaka kila mmoja aeleze kazi anayosaidia nyumbani. Nilipofikiwa, kamusi yote ikanitoka, nikanong'ona, "Winda." Nilimaanisha nepi za kitambaa, kwa jina unaloziita wewe. Mwalimu akadhani nimeimeza "ku" kwa woga. Akaandika "kuwinda" ubaoni, na tafsiri yake pembeni, kisha akauliza, "Na nani?" Nikajibu kwa ukweli kabisa, "Na bibi." Darasa zima likageuka. Tangu hapo naitwa Mwindaji, na wewe, samahani, unaogopwa sana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kamba ya kuanikia inatazama geti. Kesho wenzangu wanakuja kuona mawindo. Watakachokiona ni mawinda. Tofauti ni herufi moja tu, lakini mimi ndiye nitakayeishi nayo mpaka nimalize shule.

2. Jirani yangu wa dawati anakuja na mbwa. Mbwa huyo hana kosa, ameambiwa kuna kazi.

3. Juzi nilipogusia nepi za dukani, ulitangaza mbele ya fundi bomba: "Mume wangu, wewe mwenyewe umekulia humu humu, na makalio yako hayajawahi kuleta mashtaka!" Fundi alicheka hadi spana ikamponyoka. Sidai fidia. Naomba tu makalio yangu yasiwe mali ya umma.

4. Umenifundisha vizuri kupita kiasi. Winda la mama humfika mtoto magotini akijigeuza mara moja. Baba alijichoma pini, akamalizia kwa kumfunga mtoto kamba kama mzigo wa kuni. Basi mtoto akilowa, ni jina langu linaloitwa, hata kama kuna wageni sebuleni. Na mikono imeshazoea: juzi nilikunja karatasi ya jaribio la hesabu pembetatu, ncha katikati, nikaikabidhi hivyo. Mwalimu aliikunjua kwa uangalifu mkubwa, kama anayehofia kilichomo.

Kwa hayo, naomba mtoto avalishwe nepi za dukani mpaka wageni waondoke, na mawinda yote yaanikwe chumbani kwako. Hilo likishindikana, atafutwe sungura wa kuazima, akae uani na uso wa kushindwa, nawe usimame karibu naye na fimbo. Huhitaji kusema lolote. Sifa zako zinatosha.

Nangojea hukumu yako kwa unyenyekevu. Msalimie mama, msalimie baba, msalimie mtoto, ingawa sote tunakula meza moja. Fundi bomba asisalimiwe.

Mimi mjukuu wako mtiifu,
Mwindaji

Nyongeza: Nilipofika kwenye sahihi mtoto alilia. Nikaona nimvalishe ile nepi ya dukani aliyozawadiwa mama, ili ombi langu liwe na ushahidi. Bandika kushoto, bandika kulia, kwisha. Akanitazama. Nami nikamtazama. Kazi ilikwisha kabla sijapata la kumsimulia.

Nikaivua. Nikachukua winda, nikalikunja polepole, vidole vyangu kwa ndani ili pini ikikosea initoboe mimi, na huku nakunja nikamsimulia yote: ubao, mbwa, sungura. Sikukwama hata neno moja, Bibi. Kwa mtu mwingine yeyote ningekuwa bado niko kwenye "shikamoo". Nepi ya dukani hainipi muda huo.

Kwa hiyo tafadhali likatae ombi hili, tena kwa ukali. Kesho geti nitalifungua mimi, winda begani, na nitaanzia kwenye ile "ku". Mbwa naye tutamtafutia maji.

Nasikia kandambili zako ukumbini. Siku nyingine karatasi hii ingekuwa imeshaingia chini ya rundo la mawinda. Leo nimeiweka juu.

Ingia, Bibi. Mlango sijautia komeo.