Orodha ya Waliofika, Wakala, Wakashiba

Ilitangazwa Jumatatu asubuhi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari nyeupe, kwamba kuanzia siku hiyo njaa ya Shumba Viamboni ni njaa shirikishi.

"Ndugu wananchi," gari ilisema, "mchele wa msaada upo. Kilichopungua ni ushiriki. Kila mwenye njaa anaombwa ajitokeze, ajaze fomu, na jina lake litasomwa kwa kipaza sauti hiki, kutoka hapa mpaka Msuka, ili ushiriki wake uonekane. Uwazi ndio msingi wa kushiba!"

Watu walisimama milangoni wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha wakaingia ndani, wakafunga milango.

Bwana Mjaka, Mkurugenzi wa Kurugenzi ya Kuongeza Ushiriki wa Wenye Njaa, aliandika katika daftari lake: Mapokezi mazuri. Wananchi wametulia.

Kurugenzi ilikodi nyumba nyuma ya skuli. Kulikuwa na Mkurugenzi, Afisa Hamasa, Afisa Takwimu na Afisa Uwazi, wote wanne wanaume wa makamo wenye kalamu mbili mbili mfukoni. Chumba cha nyuma kilifanywa ghala, na ndani ya ghala mlikuwa na magunia themanini ya mchele, kila gunia kilo ishirini na tano. Dereva wao, Suhaib, alikuwa mtu wa pale pale, ikifika adhuhuri anakwenda kula kwao.

Walihitaji mtu wa kupika na kufagia, wakamchukua Rahila, binti wa Bi Mwatum. Rahila alikuwa na miaka ishirini na mbili, aliishia skuli ya msingi, na hati yake ya mkono ilikuwa nzuri kuliko za maafisa wote. Kwa kuwa hati yake nzuri, akapewa na kazi ya kuandika orodha. Kwa kuwa aliishia skuli ya msingi, hakupewa cheo.

Rahila hakutaka cheo. Alitaka gunia moja. Mwani wa mama yake ulikuwa umeoza kwenye kamba misimu miwili mfululizo, na nyumbani walibaki yeye, mama, na watoto wawili wa marehemu dada yake. Walikuwa wakila mara moja kwa siku, baada ya magharibi, muhogo na chumvi. Mtoto mdogo alikuwa ameshaacha kulia njaa, na hilo ndilo lililomtisha Rahila. Kila asubuhi alipita mbele ya mlango wa ghala na ndoo ya maji kichwani, akiyatazama yale magunia kama mtu anayetazama ng'ambo.

"Mama, n'kuandike jina," alimwambia.

"Lisomwe na gari?"

"Ndo utaratibu."

"Lifike mpaka Msuka? Watu wa baba yako wasikie Mwatum kafa njaa na mume hana? Mwanangu, mie nna njaa. Wazimu sina."

Mkurugenzi hakukata tamaa. Alikwenda mwenyewe nyumba hata nyumba, fomu mkononi. Fomu ilikuwa na kurasa sita na ilikuwa ya kisayansi. Swali la kumi na nne liliuliza: Unapokuwa na njaa, hujisikia (a) vibaya, (b) vibaya sana, (c) sina maoni.

Alipofika kwa Bi Mwatum, chungu kilikuwa kimefunikwa kifudifudi juu ya mafiga baridi.

"Bi mkubwa, mna njaa?"

"Tushakula, alhamdulillahi. Karibu."

Bwana Mjaka alitazama chungu, akatazama watoto, akafurahi sana. Alikuwa amekutana na Kifungu cha Tisa cha Mwongozo, alichokitunga yeye mwenyewe: Mtu akikana njaa, ihesabiwe kuwa ameona aibu; na aibu ni dalili ya njaa. Akaandika: Anakana. Njaa imethibitika. Lakini bila ya dole gumba kwenye fomu mchele haukuweza kutoka, kwa hivyo alimpa Bi Mwatum kipeperushi chenye picha ya sahani ya wali, akaondoka.

Baada ya wiki, walioshiriki walikuwa sifuri. Afisa Takwimu alieleza kwamba sifuri ni mwanzo imara, kwa sababu haiwezi kushuka.

Kikaitwa kikao. Kikao kiliamua kwamba wananchi hawashiriki kula kwa sababu hawajui kula kukoje. Likapitishwa azimio la Chakula cha Kielelezo: kila siku adhuhuri Rahila apike sinia la wali wa nazi na changu wa kukaanga, liwekwe barazani pamoja na kamera, ili mwenye njaa aje ale, apigwe picha, na wengine waige.

Rahila alipika. Harufu ya tui ilikwenda mpaka ufukweni. Hakuja mtu. Watu walibadilisha njia wasionekane hata kupita.

"Wali huu ukilala ni ubadhirifu wa mali ya umma," alisema Mkurugenzi, akakunja mikono ya shati. Maafisa wote wanne wakakaa, wakafanya walivyoweza. Afisa Hamasa aliukwangua ukoko kwa niaba ya taifa.

Siku ile ya kwanza Rahila alileta daftari. Juu yake paliandikwa na Kurugenzi, kwa herufi kubwa: ORODHA YA WATU WALIOFIKA, WAKALA, WAKASHIBA.

"Bwana Mkurugenzi, hapa n'andike nani?"

Bwana Mjaka alikuwa akichokonoa meno. "Rahila, soma kichwa cha habari. Waandike waliofika, wakala, wakashiba. Usiongeze, usipunguze. Takwimu haziongopi."

"Haya."

Rahila alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Aliandika waliofika, wakala, wakashiba: jina, umri, mahali alikozaliwa. Kesho yake akaandika tena. Siku kumi na mbili, wali wa siku kumi na mbili, kurasa kumi na mbili. Hakuongeza, hakupunguza.

Siku ya kumi na tatu ikaja simu kutoka Unguja. Makao makuu wanataka majina yasomwe leo hii, na baada ya wiki mbili anakuja Mkaguzi.

"Rahila! Orodha ina watu?"

"Ina watu, Bwana."

"Kurasa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Allahu akbar!" Bwana Mjaka alikumbatiana na Afisa Takwimu. Akagonga muhuri kurasa zote kumi na mbili na kutia saini kila moja. Hakusoma. Kusoma ni kazi ya walio chini, Mkurugenzi huidhinisha.

Suhaib alilipokea daftari garini, akafunua, akasoma. Akamwita Rahila dirishani.

"Yakhe, hii ndo yenyewe?"

"Muhuri upo?"

"Upo."

"Saini?"

"Zipo zote."

"Basi mie ni nani," akasema Suhaib, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Gari ilianzia skuli. "Ndugu wananchi, wafuatao wana njaa na wamejitokeza kwa ujasiri! Mjaka Khatibu, miaka hamsini na moja, mzaliwa wa Msuka! Amefika mara kumi na mbili! Amekula mara kumi na mbili!" Ikawasoma na wengine watatu, ikapinda kona, ikaelekea kaskazini ikisema yale yale.

Bwana Mjaka alitoka mbio na kiatu kimoja. Gari ilishafika mbali. Simu yake ilianza kulia kabla hajarudi barazani. Alikuwa mama yake mdogo, kutoka Msuka, analia.

"Mjaka mwanangu! Una njaa na hutwambii? Siye tumekufa?"

"Mama, sina njaa! Mie Mkurugenzi!"

"Usione haya, baba. Usione haya."

Akakata simu, akawageukia maafisa wake. "Tangazo lifutwe! Nakana! Andikeni kwamba nakana!"

Afisa Uwazi alikuwa mtu wa kanuni. Alifungua Mwongozo, akavaa miwani. "Ukikana, Bwana, kuna Kifungu cha Tisa. Unakuwa umethibitisha."

"Kaandika mpumbavu gani kifungu hicho?"

Maafisa watatu walitazama dari kwa pamoja. Ilikuwa dari nzuri, mpya.

Sasa, kule Shumba kuna namna ya kufanya mtu akijulikana hana kitu. Hapaitwi kikao. Hasemwi. Chakula kinapakuliwa, kinafunikwa kawa la ukindu, mtu akipita asione ni nini wala ni kiasi gani, na anayekipeleka hasemi kuwa amekuja kutoa. Husema amekuja kuomba.

Wa kwanza alikuwa Kazija, jirani wa upande wa kisima, mwanamke mwenye ulimi mkali ambaye siku hiyo alikuja mpole kama bi harusi. Sahani mkononi, kawa juu yake.

"Hodi. Hamjambo? N'naomba mtuonjee, tumekosa wa kutuonjea chumvi."

Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya muhogo na dagaa wa kuhesabika. Chakula cha jioni cha nyumba nzima.

Ilipofika alasiri baraza ilikuwa na sahani thelathini na moja. Watu ambao hawakuwa na cha kula walikuwa wamepunguza kisichokuwepo wakampelekea Mkurugenzi, kwa sababu walisikia kwa masikio yao kwamba ana njaa, na gari ya serikali haisemi uongo.

Wanne wale walikaa katikati ya makawa kama watu waliopatwa na msiba. Tatizo halikuwa kula. Tatizo lilikuwa vyombo. Bwana Mjaka alizaliwa Msuka, na Pemba nzima inajua kwamba chombo cha mtu hakirudishwi hivi hivi. Ukikirudisha kikavu umemtukana yeye na aliyemzaa. Cheo hakisaidii hapo. Alifikiria kutukana nyumba thelathini na moja kwa siku moja. Akamfikiria mama yake mdogo akipata habari.

"Rahila, humu ndani mna nini cha kutia?"

"Mchele, Bwana. Hamna kingine."

"Tia kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kufunika sahani," alisema Mkurugenzi, akageukia ukutani asione.

Kesho yake vyombo vilikuja, na havikuwa sahani. Yalikuja mabakuli. Keshokutwa yakaja masinia. Siku ya nne Kazija alifika na beseni la kufulia nguo, limefunikwa kwa kawa ambalo lilikuwa halijawahi kuonekana Shumba kwa ukubwa, na katikati ya beseni, peke yake, ndizi moja ya kuchemsha.

"Mtuonjee," alisema Kazija.

"Kazija, beseni lote hili?"

"Tulihofu isije ikapoa, Bwana."

Siku hiyo hiyo Rahila alikwenda kwao adhuhuri, akarudi na beseni la mama yake.

"Na wewe?" Bwana Mjaka aliuliza.

"Mama kasema mtuonjee. Siye majirani."

Ndani mlikuwa na kipande kimoja cha muhogo. Bwana Mjaka alikitazama muda mrefu, akakila, kwa sababu kilikuwa cha kuliwa. Rahila akaingia ghalani, akajaza beseni mpaka juu, akalifunika, akalipeleka kwao.

"Mchele wa nani huu?" Bi Mwatum aliuliza.

"Wa beseni, mama."

Bi Mwatum alifunua kawa, akafunika tena. Alikuwa na maswali mengine, akayameza. "Basi washa moto," alisema. "Watoto wasingoje magharibi."

Hakuna aliyejaza fomu. Hakuna jina lililosomwa isipokuwa yale manne, kila asubuhi, kwa kuwa Mwongozo ulisema yasomwe mpaka Mkaguzi afike. Siku ya kumi na mbili tangu sahani za kwanza, Rahila alifagia ghala, akatoka na punje chache kwenye kizoleo, akawarushia kuku.

Mkaguzi, Bi Samiha, aliwasili Alkhamisi na miwani miwili, ya jua na ya kazi. Alikaa chini ya bati la skuli, na Shumba Viamboni yote ikaja, kwani safari hii hakuitwa mwenye njaa, waliitwa watu.

"Magunia themanini yako wapi?"

Bwana Mjaka alivipitia vifungu kichwani. Kugawa mchele bila ya fomu ni kosa la kufukuzwa kazi na kushitakiwa. Kifungu cha Pili, alikitunga mwenyewe. Kula ukiwa umeandikishwa kuwa una njaa si kosa. Ni ushiriki.

"Walioandikishwa wangapi?" Bi Samiha aliuliza, akifunua orodha.

"Wanne," alisema Afisa Takwimu, chini chini.

"Themanini kwa wanne, magunia ishirini kila mtu. Kwa wiki nne. Mmeyala?"

Bwana Mjaka aliwatazama watu wa Shumba. Watu wa Shumba walimtazama yeye kwa huruma kubwa, nyuso zimenenepa kidogo.

"Tumekula," alisema.

"Sauti, Bwana. Dereva, mpe kipaza sauti. Uwazi."

"Tumekula!" kipaza sauti kikasema, na skuli nzima ikasikia, na barabara, na yeyote aliyekuwa akipita kwenda Msuka.

Bi Samiha aliandika: Ushiriki asilimia mia moja. Mafanikio makubwa. Kisha akaongeza, kwa sababu alikuwa mtu wa haki, kwamba mtu anayemaliza magunia ishirini kwa wiki nne hawezi kubebeshwa na kazi juu yake. Wanne hawa wapumzishwe vyeo leo hii, waingizwe katika orodha ya kudumu ya wenye njaa sugu, na majina yao yasomwe kila Ijumaa wilaya nzima. Akauliza kama kuna mwananchi mwenye maoni.

Bi Mwatum alisimama, akajifunga vizuri buibui lake.

"Mie sina maoni," alisema. "Ila mpeni maji huyo mwanangu. Magunia ishirini, masikini, na mchuzi hatukumletea."